Vichwa vya mawe vya Meksiko: je, ni sura za Waafrika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamenionyesha video fupi inayozunguka WhatsApp. Kuna vichwa vikubwa vya mawe kutoka Meksiko, pua pana, midomo minene, na sauti inasema hao ni wafalme wa Kiafrika waliotawala Amerika miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya Columbus. Kijana mmoja akaniuliza mbele ya darasa zima kama nakubali au nakataa. Nikamwambia anipe muda. Je, ni kweli? Kama si kweli, sura hizo ni za nani? Na watu wasiokuwa na chuma waliwezaje kusafirisha mawe makubwa kiasi kile? Naomba pia unishauri niwaonyeshe nini darasani, maana ninachokijua kuhusu Meksiko ya kale hakijazi ukurasa.

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na jibu lenyewe, kijana asiendelee kusubiri: si kweli. Vichwa hivyo vilichongwa na wenyeji wa pwani ya Ghuba ya Meksiko, watu tunaowaita leo Waolmeki, na kwa kadiri wataalamu wanavyoona ni sura za watawala wao wenyewe. Lakini usimcheke mwanafunzi wako. Hoja hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 150, imetetewa na watu wasomi, na inagusa jambo ambalo sisi huku tuna haki ya kuwa na uchungu nalo. Inastahili jibu refu kidogo.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Hadi sasa vimepatikana vichwa 17. Kumi vilitoka San Lorenzo, katika bonde la mto Coatzacoalcos jimboni Veracruz. Vinne ni vya La Venta, jimbo la jirani la Tabasco. Viwili ni vya Tres Zapotes, na kimoja, kilicho kikubwa kuliko vyote, ni cha La Cobata, karibu na hapo, kwenye milima ya Tuxtla jimboni Veracruz. Kidogo kabisa kina urefu wa karibu mita moja na nusu. Kile cha La Cobata kinafika mita 3.4. Uzito unaanzia tani sita hivi na kupanda hadi tani 25 na zaidi. Vyote ni vya basalti, lile jiwe gumu jeusi la volkano.

Chukua kimoja ukitazame kwa karibu: kichwa namba 1 cha San Lorenzo, ambacho wenyewe hukiita El Rey, yaani Mfalme. Kina mita 2.84 kwenda juu. Amevaa kofia ngumu iliyobana kipaji cha uso, na vipande vyake vinashuka mbele ya masikio. Kope zimechongwa kwa ukingo unaoonekana waziwazi, na ndani ya jicho mchongaji ametia hata mboni. Mashavu yamejaa. Huyu si sanamu ya mtu yeyote tu. Ni mtu fulani, mwenye umri fulani, na ukimtazama huhisi kwamba hataki mzaha. Sasa linganisha na kichwa namba 2 cha La Venta, ambacho kinacheka hadi meno ya mbele yanaonekana. Kofia nazo hazifanani. Moja ina vichwa vya ndege, nyingine ina makucha ya mnyama, nyingine imefumwa mithili ya wavu. Ndiyo maana wengi wetu tunaamini kofia ilikuwa inataja nani ni nani, kama jina au ukoo.

Kilivyopatikana hicho cha Mfalme nako kuna kisa. Kulikuwa na njia ya miguu iliyopita juu ya ardhi ya San Lorenzo. Mvua na nyayo za watu zikala udongo pole pole, hadi siku moja likachomoza jicho la jiwe katikati ya njia, linatazama mbinguni. Mwaka 1945 Matthew Stirling wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, aliyekuwa akichimba maeneo hayo pamoja na mkewe Marion, akaonyeshwa jicho hilo. Chini ya jicho kulikuwa na kichwa, na kuzunguka kichwa kulikuwa na mji.

Sasa hoja ya Uafrika ilitoka wapi? Haikuanza na Waafrika. Ilianza na Mmeksiko aitwaye José María Melgar y Serrano. Mwaka 1862 alisikia kwamba wakulima wa shamba moja la Hueyapan, karibu na Tres Zapotes, walipokuwa wakifyeka pori waligonga kitu walichodhani ni sufuria kubwa iliyofunikwa udongoni. Kumbe kilikuwa kichwa. Alipokiona, akaandika makala iliyotoka mwaka 1869 akisema sura ile ni ya “Kihabeshi”, maana wasomi wa zama zake waliita hivyo karibu kila mtu mweusi, na akahitimisha kwamba watu weusi waliwahi kuishi nchi ile. Alikuwa ameona kichwa kimoja. Hakuwa na tarehe, hakuwa na mji, hakuwa na kipande cha chungu cha kulinganisha. Simlaumu, kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuwa navyo. Tatizo ni kwamba hitimisho lake liliendelea kusafiri hata baada ya ushahidi kupatikana.

Aliyelipa nguvu mpya ni Ivan Van Sertima, mzaliwa wa Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Rutgers huko Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1976 alidai kwamba mabaharia wa Nubia, wakati watu wa Kushi, ufalme wa hukohuko Nubia, walipokuwa mafarao wa Misri, walivuka Atlantiki wakafika Meksiko na kuchochea ustaarabu wa Waolmeki. Video ya wanafunzi wako bila shaka ni mjukuu wa kitabu hicho.

Hapo ndipo tarehe zinapomaliza ubishi. Ukoo wa Kushi ulitawala Misri kuanzia takriban mwaka 747 KK hadi 656 KK. Na San Lorenzo? Michael Coe na Richard Diehl walichimba pale kati ya 1966 na 1968, na kuanzia miaka ya 1990 Ann Cyphers wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko ameendelea kwa miongo. Kwa vipimo vya kaboni vya makaa yaliyotoka ardhini, mji ule ulistawi kati ya takriban 1400 KK na 1000 KK, na kufikia 900 KK hivi ulikuwa umeporomoka na vichwa vyake vimeshafukiwa. Hao mabaharia wangefika wakute nyasi. Mwanafunzi akikuuliza kuhusu yule mfalme wa Mali anayesimuliwa kutuma mashua baharini kabla ya Mansa Musa, mwambie hiyo ni karne ya 14 BK. Hata kama mashua zote zilifika salama, vichwa vilikuwa na zaidi ya miaka elfu mbili.

Kwangu mimi, ushahidi mkubwa kuliko tarehe ni matabaka ya udongo. Ustaarabu wa kuletwa huonekana ardhini: leo kuna vyungu vya aina hii, kesho vinakatika ghafla na vingine vya kigeni vinachukua nafasi. San Lorenzo haiko hivyo. Coe na Diehl walikuta tabaka la kwanza, wakaliita Ojochi, lenye vyungu vya kawaida vya wakulima. Juu yake Bajío, watu wanaanza kujaza udongo na kuinua uwanda. Juu yake Chicharras, mitindo ya vyungu na vinyago vya udongo inaanza kukomaa. Ndipo inakuja awamu ya San Lorenzo yenyewe, yenye vichwa na viti vya enzi. Ni watu walewale wanakua mahali palepale, kizazi juu ya kizazi. Kwenye majalala yao kuna mabaki ya samaki, kasa, mbwa na mahindi. Hakuna mtama, hakuna ngano, hakuna mfupa wa ng’ombe wala farasi. Na Wakushi walikuwa watu wa farasi hasa. Farao wao Piye alisifika kwa kuwapenda. Walikuwa na shaba, walikuwa na maandishi, walikuwa na magurudumu. Watawale nchi ya watu wasiache hata sindano? Waolmeki hawakuwa na metali yoyote, si shaba, si dhahabu.

Mifupa ya Waolmeki wenyewe ni adimu, kwa sababu udongo wa kule una asidi na unyevu, unayeyusha mifupa mingi. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Meksiko walitangaza kwamba wamefaulu kusoma vinasaba vya upande wa mama kutoka mabaki ya watu wawili, mmoja wa San Lorenzo na mwingine wa Loma del Zapote jirani yake. Wote wawili walikuwa wa ukoo unaoitwa A, mmoja wa koo kuu za wenyeji wa Amerika ambazo asili yake ni Asia. Watu wawili ni wachache, nakubali. Ila hawapingani na chochote kilichotangulia.

Basi tuje kwenye sura, maana najua darasani ndiko mtakakokwama. “Mwalimu, lakini angalia hiyo pua!”

Wengi hujibu kwamba hata leo ukipita Veracruz na Tabasco utakutana na wenyeji wenye nyuso za namna ileile. Ni kweli, lakini siipendi hoja hiyo, kwa sababu Veracruz ndiko walikoteremshwa watumwa wa Kiafrika tangu karne ya 16, na damu imechanganyika. Mwanafunzi mjanja atakubana hapo. Afadhali utumie kazi nyingine za Waolmeki haohao. Mchongaji wa Olmeki hakuchonga vichwa vikubwa tu. Alichonga jedi, lile jiwe gumu la kijani lililotoka bonde la Motagua huko Guatemala, alichonga serpentini, jiwe jingine la kijani, alichonga mbao, alifinyanga udongo. Katika vitu hivyo utaona midomo ileile minene iliyoinama pembeni, lakini imekaa kwenye fuvu lililorefushwa kwa kufungwa utotoni na macho membamba yaliyopanda. Utaiona kwenye sanamu za vitoto vichanga. Utaiona hata kwenye viumbe nusu mtu nusu chui. Mdomo ule ni mtindo wa sanaa yao. Ukiuchukua peke yake ukaacha macho, fuvu na mashavu, umechagua unachotaka kukiona.

Pua nayo ina sababu ya kiufundi. Mchongaji alianza na jiwe la mviringo na nyundo za mawe. Pua iliyochongoka inamtaka aondoe jiwe kutoka uso mzima ili ibaki pua, na ikishabaki, pigo moja baya inakatika. Kwa hiyo kila kitu kinabaki karibu na ule mviringo. Weusi je? Ni rangi ya basalti. Angalau kichwa kimoja kimekutwa na mabaki ya plasta na rangi nyekundu, kwa hiyo huenda siku zao vilipopakwa havikuwa vyeusi hata kidogo.

Kuna kichwa kimoja cha Tres Zapotes ambacho nyuma kina misuko saba. Hicho hupigwa picha sana, na watu husema: haya, misuko ya Kiafrika hiyo. Misuko ni ya kila taifa lenye nywele. Tena ni kichwa kimoja kati ya 17, na wanaokionyesha hawaonyeshi kile chenye wavu wala chenye ndege.

Sasa niseme lililo moyoni. Melgar alichapisha makala yake mwaka 1869. Miaka miwili baadaye, 1871, Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, akanusa kipande cha mbao cha mlangoni, akasema huo ni mwerezi wa Lebanoni na hapa palikuwa pa Malkia wa Sheba. Kwa miongo mingi walowezi walishikilia kwamba Wafoinike ndio wajenzi, mtu yeyote ilimradi asiwe Mshona. David Randall-MacIver alipochimba mwaka 1905 akasema ni kazi ya Waafrika; Gertrude Caton-Thompson akarudia hilo mwaka 1929 kwa ushahidi mzito zaidi, na bado serikali ya walowezi haikutaka kusikia. Huku pwani kwetu tuliambiwa vivyo hivyo, kwamba Kilwa na Gedi ni makoloni ya Waarabu na Waajemi, hadi uchimbaji kama ule wa Mark Horton kule Shanga, Lamu, katika miaka ya 1980 ulipoonyesha msikiti wa mawe umesimama juu ya misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, ndani ya kijiji kilichokua chenyewe. Matabaka tena. Wasomi watatu waliomjibu Van Sertima mwaka 1997 katika jarida la Current Anthropology walilalamikia jambo hilohilo: kumpa mgeni kazi ya Waolmeki ni kuwanyang’anya wenyeji wa Amerika. Nakubaliana nao kabisa, na nashangaa tukiwa sisi ndio tunaosambaza.

Haya, kuhusu kusafirisha. Jiwe lenyewe lilitoka milima ya Tuxtla, hasa miteremko ya Cerro Cintepec, ambako mapande makubwa ya basalti yamelala juu ya ardhi yakiwa tayari na umbo la duara. Tunajua hivyo kwa sababu chembechembe za madini ndani ya jiwe zimelinganishwa, kazi iliyofanywa na Howel Williams na Robert Heizer na kuchapishwa mwaka 1965. Kutoka huko hadi San Lorenzo ni kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. La Venta ni mbali zaidi. Katikati kuna mito, mabwawa na matope. Kichwa cha tani 25 ni uzito wa tembo wanne au watano waliokomaa, na Waolmeki hawakuwa na ng’ombe wa kukokota wala mkokoteni. Wapo wanaofikiri walitumia chelezo mitoni, na wapo wanaoona ni kamba, magogo na mamia ya watu wakivuta nchi kavu wakati wa kiangazi. Mimi naegemea upande wa nchi kavu, kwa sababu chelezo la kubeba tani 25 likigusa fungu la mchanga, safari imeisha. Kwa vyovyote, kilichohitajika zaidi ni mtu mwenye uwezo wa kuwaita mamia ya wakulima waache mashamba yao, na kuwalisha. Ndipo unapoelewa kwa nini uso wake ulistahili jiwe.

Kuchonga ilikuwa ni kugonga jiwe kwa jiwe gumu zaidi, kisha kusugua kwa mchanga na maji. Ni kazi ya polepole mno. Na hapa kuna jambo ambalo naona ni tamu kuliko yote. San Lorenzo walichonga pia viti vya enzi: pande kubwa la mraba, juu bapa, mbele kuna kishubaka na ndani ya kishubaka ameketi mtu. Mfano mzuri ni kile kinachoitwa Altari ya 4 ya La Venta, ambapo mtu huyo ameshika kamba inayozunguka hadi ubavuni kumfunga mateka. Mwaka 1989 James Porter alionyesha kwamba baadhi ya vichwa vilichongwa upya kutoka kwenye viti kama hivyo. Kichwa namba 2 na namba 7 vya San Lorenzo bado vina alama za kile kishubaka cha zamani upande mmoja. Wengi wanaelewa hivi: mtawala akifa, kiti alichokalia kinageuzwa kuwa kichwa chake. Hilo linaeleza pia kwa nini vichwa vingi vina kisogo bapa. Jambo hilo halikuagizwa kutoka ng’ambo ya bahari yoyote. Ni desturi iliyozaliwa palepale.

Kofia zile watu hupenda kusema ni za wachezaji wa mpira. Inawezekana. Mpira walikuwa nao kweli: huko El Manatí, chemchemi iliyo chini ya kilima karibu na San Lorenzo, Ponciano Ortiz na María del Carmen Rodríguez walichimba kuanzia 1988 wakakuta mipira ya utomvu iliyotupwa majini kama sadaka, mingine ya takriban 1600 KK. Pamoja nayo kulikuwa na sanamu za mbao za kichwa na kifua, zaidi ya 30, zimehifadhiwa na tope. Mbao ya miaka elfu tatu! Ila kofia si ushahidi wa mchezo. Shujaa wa vita naye huvaa. Nisikupotezee muda hapo.

Darasani uonyeshe nini? Usianze na vichwa, wamevichoka. Anza na Sadaka ya 4 ya La Venta. Ilifukuliwa mwaka 1955: sanamu ndogo 16 za watu waliosimama wima, na vipande sita virefu vya jedi vilivyochimbiwa nyuma yao kama mihimili. Sanamu 15 ni za jedi na serpentini. Moja ni ya jiwe jingine, la punjepunje, limeliwa na maji, na imeegemezwa kwenye ile mihimili huku nyingine zote zikiielekea. Zote vichwa virefu, vipara, hakuna mapambo. Je, ni baraza? Ni kesi? Ni kumtawaza mtu? Waache wanafunzi wabishane, wanaakiolojia wenyewe bado wanabishana. Halafu waambie hili: sanamu zilifukiwa chini ya sakafu, sakafu nyingine zikajengwa juu. Miaka mingi baadaye mtu alichimba shimo kupitia sakafu hizo, mahali penyewe hasa, akafika usawa wa vichwa vyao, akatazama, hakuchukua kitu, akafukia. Maana yake alijua walipo. Kumbukumbu au ramani ilikuwapo.

Cha pili ni sanamu ya Las Limas, jiwe la kijani lenye urefu wa sentimita 55: kijana ameketi amekunja miguu, amepakata kitoto chenye uso wa kiumbe kisicho cha dunia hii. Watoto wawili wa kijijini ndio walioipata mwaka 1965. Mwaka 1970 iliibwa kwenye makumbusho ya Xalapa, ikaja kupatikana kwenye hoteli moja ya barabarani huko San Antonio, Texas. Mwonyeshe kijana wako aliyeuliza, mwambie atazame midomo, kisha macho.

Cha tatu, wakitaka Waafrika wa Veracruz, wape wa kweli. Kuanzia karne ya 16 Wahispania walileta Waafrika kwa maelfu, wengi kutoka Afrika ya Magharibi na Angola. Wachache walitoka hata Msumbiji, wakapelekwa Manila, kisha wakavushwa Pasifiki hadi Acapulco. Mmoja wa waliotoroka mashamba ya miwa ni Yanga. Aliongoza jamii ya watoro milimani karibu na Orizaba. Mwaka 1609 Wahispania walituma jeshi, wakashindwa kumkomesha, mwishowe wakakubali watu wake wawe na mji wao huru. Mji huo uliitwa San Lorenzo de los Negros, yaani San Lorenzo ya Weusi. Ni San Lorenzo nyingine kabisa, waangalie wasichanganye. Mwaka 1932 ukabadilishwa jina kuwa Yanga, na upo hadi leo. Rais aliyefuta utumwa Meksiko mwaka 1829, Vicente Guerrero, alikuwa na asili ya Kiafrika. Katika sensa ya 2020 zaidi ya watu milioni mbili na nusu walijitaja kuwa na asili hiyo, mwaka mmoja tu baada ya katiba kuwatambua.

Picha zitafute kwa majina ya mahali, si kwa neno “Olmec” peke yake, la sivyo utaletewa vinyago vya kuuzia watalii. Saba kati ya vichwa vya San Lorenzo, Mfalme akiwamo, pamoja na sanamu ya Las Limas, viko Museo de Antropología de Xalapa. Kichwa namba 2, namba 6 na Sadaka ya 4 viko Museo Nacional de Antropología, jijini Meksiko. Altari ya 4 na vichwa vya La Venta vilihamishiwa Villahermosa, kwenye bustani iliyofunguliwa mwaka 1958 kwa juhudi za mshairi Carlos Pellicer, kwa sababu uchimbaji wa mafuta ulikuwa umeshaingia La Venta. Kile cha La Cobata kiko uwanja wa mji wa Santiago Tuxtla, nje, na tofauti na vyote vingine macho yake yamefumbwa.